Kamba yenye nilisokota mu kalasi

Leo nimekata kamba ya mutu na kisu, mbele ya macho yake.

Mungoje, nieleze.

Mi niko nafundisha fizike hapa Kapata. Somo ya leo ilikuwa uzi ya kisasa: inasukwa na tubu, mirija ndogo ndogo za kaboni, kila moja nyembamba kupita unywele mara maelfu. Ukiisokota, inaweka nguvu. Ukiiachilia, inairudisha. Kuweka nguvu bila kobalti ya mu betri! Hapa kwetu, kwenye batu banaishi na kuchimba kobalti, ile haiko habari ndogo.

Uzi yenyewe sina. Nikaazima kamba ya nailoni kwa Tata Kazadi, muchimbaji. Anashukaka nayo mu shimo.

Tukaisokota na kijiti. Tukaongeza. Tukaongeza tena.

Ta!

Nyuzi za ndani zikakatika. Banafunzi bakapiga makofi. Na mi, mujinga kabisa, nikacheka: "Munaona? Ya kaboni ingevumilia."

Mado peke yake hakucheka. Ni mutoto wa Tata Kazadi.

"Mwalimu, kesho tata atashuka na ile?"

Saa kumi tata yake akakuja kuichukua. Nikamuonyesha pale imeharibika. Akaivuta mara mbili.

"Iko bado nguvu, mwalimu."

Nikamuomba angoje, nimutafutie ingine. Akakataa. Ndiyo nikakamata kisu.

Hakunitukana hata. Aliokota bipande yote mbili, akafunga fundo kubwa katikati, akaenda nayo.

Bandugu, kesho asubuhi anashuka. Kama uko na kamba nzima hapa Kapata, uniandikie sasa hivi.