Redio Mbili, Ukuta Mmoja

Bei ya kahawa ilipoanguka, baba aling'oa mibuni yote ya mama bila hata kumwuliza, akapanda mahindi. Mama akahamisha kitanda chumba cha pili. Tangu hapo, nyumba moja, paa moja pale Nanyala, wasisemeshane. Chakula cha baba tulipeleka sisi watoto; tulipoolewa, akapeleka mjukuu. Jamani, iliniuma, sitaki kuipamba.

Kila mtu alikuwa na redio yake. Mama alisikiliza Dar. Baba, aliyewahi kufanya kazi migodini Zambia, alifungulia habari za Kibemba jioni. Na kila alipofungua yake, ya mama ilipiga filimbi, fiii, mpaka baba azime. Ukuta haukuizuia.

"Huyo baba yenu hata redioni ananizomea," mama akasema.

Nikaipeleka redio ya mama kwa fundi Tunduma. Akaipima, akacheka. "Dada, redio hii nzima kabisa. Kila redio ina sakiti ndani inayotetema muda wote, ndiyo inayosaidia kunasa stesheni. Sasa mtetemo wa jirani unavuja, unaingia humu. Nikiizungushia bati ndani, utapungua."

Nikasema nitamwuliza kwanza mwenyewe. Nilipomweleza, mama alinikata jicho. "Nani kakwambia nataka izuiwe?"

Nikaiacha kama ilivyo. Ile filimbi ndiyo salamu pekee aliyokuwa akiipata kwa mumewe.

Jioni moja nilikuwa nimekuja kuwasalimu. Filimbi ikaanza kama kawaida. Baba alikuwa bahili wa betri, zikichoka anazianika juani. Habari zikiisha tu, anazima. Siku hiyo muda wake ulipita, filimbi bado. Mama akaacha kuchambua maharage.

"Hajazima," akasema.

Alinyanyuka, ungo ukamwagika, akaenda kusukuma mlango ambao hakuugusa miaka yote ile. Baba alikuwa sakafuni, mdomo umepinda upande, macho wazi.

"We mzee, unamaliza betri bure!" mama alimfokea, huku analia, amempakata kichwa.

Baba aliishi wiki chache tu, bila kutamka neno. Wiki hizo mama alirudi chumbani kwa baba, na redio yake. Mbili zile zikiwa pamoja zilipigiana kelele, kwa hiyo akazima ya kwake. Kila jioni alimfungulia habari za Kibemba, lugha asiyoijua hata neno moja, akakaa kitandani akasikiliza naye hadi mwisho.