Mtakatifu wa Kwenye Kichupa

Mnaonisoma, nawasalimu kwa mkono wa kushoto, mnisamehe. Wa kulia haujanirudia sawasawa.

Zamani nilikuwa mzima. Nakaanga mihogo hapa Makorora, karai la mafuta nalibeba peke yangu.

Likaja tumbo. Linasokota, linaachia. Wifi yangu Perpetua, dada wa mume wangu Gervas, alikuwa ametoka kuhiji Yerusalemu. Akaniletea kichupa cha madini ya kijivu, kidogo kama ndimu lakini kizito, kina masikio mawili ya kupitisha kamba na uso wa mtakatifu ubavuni. Huko aliambiwa mahujaji wa kale walirudi makwao na vya namna hiyo shingoni, vimejaa maji ya baraka, na hiki kimeigwa vile.

Akaniagiza, maji yakipungua nijazie mengine na ndimu yasiharibike. Nisimimine kikombeni. Nikishakunywa niulambe ule uso.

Nikanywa asubuhi na jioni. Yalikuwa na utamu usio wa sukari. Tumbo likazidi, choo kikafunga. Nami nikazidi kunywa. Mkono wa kulia ukalegea kwenye kifundo, ukaning'inia kama wa maiti. Na uso wa mtakatifu ulikuwa unafutika. Ilianza pua, kisha macho.

Nikamwonyesha wifi. Akatabasamu.

"Anaingia mwilini mwako, wifi. Mwache aingie."

Jirani yangu Bi Mwanahawa alinikuta naongea na ukuta. Akamfokea Gervas, akanipeleka hospitali mwenyewe. Daktari akanifunua mdomo, akaona mstari wa bluu kwenye ufizi. Akaniuliza nakunywa nini. Nikamvulia kichupa shingoni. Vipimo vya damu viliporudi akaniambia, "Mama, una risasi mwilini."

"Mbona sijapigwa na mtu?"

"Si ya bunduki. Ni madini yenyewe, ndiyo yaliyotumika kutengeneza hiki kichupa. Umekuwa ukiyanywa."

Nikapewa dawa za kuivuta itoke kwa mkojo. Polepole tumbo likatulia. Namshukuru Mungu, na daktari, na Bi Mwanahawa aliyenifulia hadi nguo za ndani. Perpetua sijamsamehe. Alisema imani yangu ndogo. Gervas naye simsahau: nimelala wodini, yeye akamrudishia dada yake kichupa.

Sasa kiko kwake, mtaa wa Nguvumali, na wagonjwa wanakiendea. Ndugu zangu, ukiumwa nenda hospitali, sala utasali huko huko. Na ukipewa kichupa kijivu, kitazame ubavuni kwanza. Watakwambia hakijawahi kuwa na uso.

Kilikuwa nao. Ninao mimi.