Safu Iliyopinda Jikoni kwa Bwana Uzi

Walimwita Bwana Uzi, na jina hilo alilipata kwa haki. Alitandika vigae kwenye nyumba za watu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na mistari yake ilinyooka utadhani imechorwa kwa rula. Mafundi wengine walifunga kamba ukuta hadi ukuta. Yeye alilala kifudifudi, akafumba jicho la kushoto, akachungulia kwa la kulia, basi. "Kamba ni ya wasiojiamini," alikuwa akisema, na majivuno yalimkaa vizuri kwa kuwa kazi ilimsemea.

Asubuhi moja, anakunywa chai jikoni kwake, akaona sakafu aliyoitandika mwenyewe imeingia wimbi. Safu ya katikati, ile inayotoka mlangoni kwenda dirishani, ilikuwa na tumbo kama nyoka aliyemeza panya.

"Mama, nani kaigusa sakafu yangu?"

"Aiguse nani? Sakafu siku hizi inaibiwa?" mkewe akajibu, mkono uko kwenye sufuria.

Hakungoja. Akachukua nyundo na tindo, akaing'oa safu nzima, vumbi likaingia mpaka kwenye unga. Akaitandika upya kwa jicho lake lile lile hadi akaridhika. Jioni mkewe akaja kuangalia, akainamisha kichwa upande.

"Baba, mbona umeipinda?"

"Imepinda wapi? Macho yako yamechoka na moshi."

"Yangu yamechoka. Yako je?"

Mama huyu hakuwa mtu wa kubishana na hewa. Akaitoa kamba kwenye sanduku la vifaa, ilikokuwa imelala miaka, akafunga ncha moja kwenye msumari wa mlango, nyingine akaivuta hadi chini ya dirisha mpaka ikalia kama gitaa. "Haya, chungulia."

Bwana Uzi akalala kifudifudi, akafumba la kushoto. Kamba nayo ilikuwa na tumbo katikati.

"Vuta zaidi."

"Nikivuta zaidi itakatika."

Mtu anaweza kubishana na mke, na jirani, hata na kigae. Lakini kamba iliyovutwa haina namna ya kupinda, na hilo alilijua kuliko alivyojua umri wake. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akaangalia kwa la kushoto. Kamba ikanyooka. Safu mpya chini yake ilikuwa imekwenda kombo kama mlevi anarudi nyumbani.

Akakaa pale pale sakafuni, miguu ameinyoosha. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "jicho langu la kazi limekufa."

"Lingekufa lisingeona kitu. Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho."

Daktari alikuwa msichana wa umri wa kitinda mimba wao. Akampa karatasi iliyochorwa miraba. "Mzee, funika la kushoto. Unaona nini?"

"Vigae vimetandikwa na mwanagenzi."

Daktari akacheka, akamtia matone, akapiga picha ya ndani ya jicho, kisha akawakalisha. Nyuma ya jicho, akaeleza, kuna utando unaopokea picha. Chini yake imeota mishipa ya damu isiyotakiwa. Kuta zake ni dhaifu, inavuja maji, na maji yale yanauinua utando.

"Bomba linavuja chini ya kigae," akasema Bwana Uzi.

"Hivyo hivyo, mzee."

"Na imeotaje?"

"Kwako ni umri. Sehemu ile inachakaa, mwili unadhani unasaidia kwa kuotesha mishipa mipya. Wengine huletewa na kisukari. Na sigara inazidisha."

Mkewe akaangalia dari. Hilo la sigara alikuwa amelisema miaka yote.

"Dawa yake?"

"Sindano. Ndani ya jicho."

Bwana Uzi akasimama.

"Kaa," mkewe akasema.

"Wewe umewahi kuchomwa sindano jichoni?"

"Nimekuzalia watoto. Kaa."

Akakaa. "Nitaona kama zamani?"

"Siahidi," daktari akasema. "Dawa inanyausha mishipa, lakini nguvu yake inaisha, kwa hiyo utarudi mara kwa mara. Ungechelewa, lingebaki kovu, na kovu halina dawa. Umekuja mapema."

Jicho likatiwa ganzi, likasafishwa, likashikiliwa wazi. Alihisi kusukumwa kidogo tu, kama kwa ncha ya kidole, kisha akaona vidoa vyeusi vinaogelea. Aliyeumia ni mkewe, kwa jinsi alivyobanwa mkono.

Sigara akaziacha kwa kununa. Akarudi kwa sindano, akarudi tena. Kila asubuhi alifunika la kushoto na kuikagua ile safu, na kila asubuhi jicho la kulia lilimdanganya kwamba imenyooka. Mkewe alimwachia chai ikapoa.

Hadi siku moja mayowe yakatoka jikoni.

"Imepinda! Mama, njoo! Imepinda vibaya!"

Mkewe akaja mbio, akamkuta amelala kifudifudi, kiganja kwenye jicho la kushoto, anacheka huku machozi yanalowesha vigae.

"Si nilikwambia," akasema, naye akaketi sakafuni kando yake.

"Aibu gani hii! Niletee tindo niing'oe."

"Thubutu. Ukiigusa, utapika wewe."

Basi safu ipo mpaka leo. Mafundi wenzake wakija huitazama, wakatazamana. Bwana Uzi huwaacha. Kila asubuhi kabla ya chai hulala pale na kuchungulia kwa la kulia, na akishaona imepinda, huinuka, hujipangusa magoti, akachukua nyundo na kamba yake akaenda kazini.