Jin ya Shamba la Juu

Karibu maisha yake yote Leland Thibault aliyatumia kung'oa mireteni kwenye malisho yake kule Vermont, hasa shamba la juu, kilimani. Ni kichaka kifupi chenye majani kama sindano, cha ukoo mmoja na mtarakwa. Ng'ombe hawakigusi, na ukikifumbia macho kinameza shamba zima. Yeye na kaka yake Armand walikuwa wakikifunga mnyororo, wanaupachika kwenye trekta, wanavuta. Jioni walirudi nyumbani wamechanikachanika miguu kama waliopigana na paka.

Armand alifariki. Magoti ya Leland yakachoka, ng'ombe wakauzwa, mireteni ikarudi kwa fujo. Ndipo Corinne, mwanamke aliyehamia shamba la jirani, alipokuja kuomba ruhusa ya kuchuma vitunda vya buluu vya mireteni hiyo.

"Chuma vyote," Leland akamwambia. "Na mizizi ukiweza, ondoka nayo."

Corinne alikuwa amefunga mtambo wa shaba kwenye ghala la zamani la maziwa, anapika jin, pombe kali inayotiwa ladha kwa vitunda hivyo. Leland hakuwahi kuonja jin. Yeye alikuwa mtu wa bia, basi. Lakini mwezi wa Machi majirani walipoalikwa kuonja, mkewe Doris alimtandikia shati safi kitandani, na mjadala ukaishia hapo.

Walikuta watu wamelizunguka jiko la kuni, viatu vimejaa tope la theluji. Gaston, kaka yake Doris, alikuwa keshafika.

"Leo kuna maajabu! Shemeji, hiyo haigidwi kama bia, ujue."

"Nyamaza wewe, uliyelewa divai ya kanisani," Leland akamjibu.

Watu wakacheka. Corinne akampa Leland kigilasi. "Mzee, usimeze kwanza, inuse..."

Keshaimeza. Machozi yalimtoka, akakohoa mpaka Gaston akamgongagonga mgongoni.

"Mama yangu!" alisema alipopata pumzi. "Umenipa dawa ya kung'arishia meza."

Corinne uso ukamwiva, ila hakukata tamaa. Akamimina tena kidogo, akadondoshea maji. "Safari hii taratibu, tafadhali."

Leland akakisogeza kigilasi puani. Ikamjia harufu ya mzizi unaong'oka kwenye udongo mbichi. Ikaja na moshi wa trekta, na Armand akiitukana kwa Kifaransa, lugha ya nyumbani kwao, kwa sababu imegoma kuwaka.

"Vipi?" Doris akauliza.

"Ni lile shamba la juu."

"Kwa hiyo ni nzuri au mbaya?" Corinne alitaka kujua.

"Ni lile shamba la juu," akarudia. Hakuwa na namna nyingine ya kulisema. Akaomba kingine, akakinywa polepole mpaka mwisho, huku wenzake wamehamia kwenye habari za barabara.

Corinne hakuelewa kama amesifiwa au la. Lakini vuli ilipofika, alimwona Leland akipanda kilimani na ndoo ya kuchumia vitunda, amevaa glavu nene. Vichaka vya karibu na uzio aliving'oa. Vya juu aliviacha.

Siku hizi chupa ya jin inakaa kabatini nyuma ya unga. Jumamosi kabla ya chakula Leland hujimiminia kidogo, na maji. Doris alionja mara moja, akakunja uso, akasema inatosha.