Bibi wa Bakuli katika Nyumba ya Panda

LIKASI – Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, nyumba za kambi ya wafanyakazi ya Panda bado zimelala. Ndani ya moja unasikika mlio mdogo: ukucha unagonga mti. Tk. Kimya. Tk, tk.

Ni Germain Kisimba anakwenda jikoni. Hana fimbo, wala hakuna aliyemshika mkono. Huu ni mwaka wa nne tangu macho yake yazimike, lakini mzee huyu wa miaka sitini na mmoja anatembea taratibu, kama mtu anayepita katika ndoto aliyoizoea.

Mlangoni mwa chumba cha kulala anagusa kinyago cha zamani kilichotundikwa usawa wa kifua. Hatua tatu mbele, mkono wake wa kushoto unamkuta tembo mweusi aliyepoteza pembe moja, hapo anageuka. Kwenye kona ya meza wameketi wazee wawili wa mti waliopeana migongo, nao wanailinda nyonga yake. Mwisho, pale sakafu inaposhuka kuingia jikoni, amepiga magoti bibi wa mti mwenye bakuli mikononi. Vidole vya Germain vinapita juu ya chale za tumbo lake, safu kwa safu.

"Jambo, mama," anaiambia sanamu. Kisha anashuka kidato.

Mkewe, Marceline Mujinga, anapuliza makaa wala hageuki.

"Hapendi nimuangalie," anasema kwa sauti ya chini. "Miye namufuata na masikio tu."

Marceline ana miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akisafisha vyumba vya nyumba ya wageni mjini. Mshahara wake wa mwezi haununui mifuko miwili ya unga, na pensheni ya Germain, aliyekuwa fundi wa kumwaga shaba kwenye kalibu, huja inapotaka. Hata hivyo, anayeingia sebuleni kwao husimama kidogo, kama aliyeingia kanisani bila kutazamia.

Kuna sanamu kumi na moja. Nyingi Marceline alizipata miaka kumi iliyopita, wakati familia za wageni waliokuwa wakikaa hapo kazini kwake zilipokuwa zikifunga masanduku na kuondoka. Vitabu viligawanywa, sahani ziligawanywa. Hakuna aliyezitaka sanamu.

"Zilikuwa zinalala kwenye baraza, mvua inazipiga," Marceline anakumbuka. "Nikaona, hapana, hii ni kazi ya mikono ya muntu. Nikazibeba na kitenge mu mugongo."

Jirani yake Adrienne, aliyekuwa akichota maji bombani, alimwona akipita na akapaza sauti hadi kambi nzima ikacheka: "Ye! Mama Marceline amezaa tena, na ni mapacha ya miti!"

Mwanzoni Marceline alizipanga juu, kwenye mbao za ukutani, kama alivyoona katika vyumba alivyosafisha. Alitaka uzuri tu. Kisha macho ya mumewe yakaanza kufifia. Alipoona Germain amegonga meza mara ya pili, alimshusha tembo. Wiki iliyofuata akawashusha wale wazee wawili. Sanamu zikateremka mojamoja kutoka ukutani, zikaja kukaa pale mikono ya mgonjwa ilipozihitaji.

Bibi wa bakuli hakutoka kwa wageni. Ni wa mama yake Germain, kutoka nchi ya Waluba. Huko, mwanamke aliyekaribia kujifungua aliweza kuiweka sanamu kama hiyo mbele ya nyumba yake, na kila mpita njia alitia kitu bakulini: chumvi, maharage, shanga mbili.

"Nilikuwa mu tumbo bado," Germain anasema, "na bantu bote walikuwa banamulisha mama yangu. Hata bale bahakujua jina yake."

Ndiyo maana mfanyabiashara Abedi alirudi mara tatu bila kumpata bibi huyo. Mzee huyu wa Kiislamu, ambaye watu wake walitoka Kasongo, hununua vitu vya kale na kuvipeleka Lubumbashi. Mara ya tatu alikuja na cherehani nzima begani.

"Mama, hii inashona hata ukiwa na usingizi," alisema.

"Ishone kwako, Papa Abedi. Huyu hatoki."

Agosti hii ndipo lilipotokea jambo ambalo Marceline bado hulisimulia akiwa ameshika shavu.

Kila mkesha wa sikukuu, akina mama wa Panda hupaka sakafu zao za saruji nta nyekundu na kuzisugua hadi zing'ae. Mkesha wa Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Marceline alipiga magoti tangu mchana, akashindana na Adrienne kupitia dirishani. Alipofika mlango wa jiko, nta kidogo ilibaki kwenye kopo. Akamtazama bibi wa bakuli, akamwonea huruma jinsi alivyofifia kando ya sakafu iliyong'aa. Akampaka yeye pia, tumbo na mgongo. Akamsugua vizuri.

Alfajiri ya sikukuu, Germain aliweka mkono akakuta kitu laini kama chupa. Nta ilikuwa imejaa ndani ya chale zote.

"Akauliza, 'Huyu ni nani?'" Marceline anasema. "Nikasikia tu miguu inageuka mubaya."

Germain alidhani amepotea njia. Akarudi nyuma, akazunguka, akaanguka kwenye kidato. Mfupa haukuvunjika. Lakini tangu siku hiyo alikaa kwenye kiti siku tisa, akiomba kushikwa mkono hata kwenda chooni. Hakulaumu mtu. Hiyo ndiyo iliyomchoma mkewe zaidi.

Siku ya kumi Abedi alibisha hodi kwa mara ya nne. Alipoona bibi alivyo mwekundu, aliketi chini kabisa.

"Mama! Umemuvalisha sakafu! Nani atamununua sasa?"

"Miye sitafuti mununuzi," Marceline akamjibu, machozi yakimtoka. "Nilizimisha macho ya bwana yangu mara ya pili."

Abedi akamtazama Germain kitini. Kisha akaomba mafuta ya mawese yaliyopashwa moto kidogo, kitambaa kikuukuu na kijiti cha mwanzi. Akavua kofia yake, akaanza na chale ya kwanza, akiilainisha nta na kuichokoa polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Marceline akachonga kijiti chake, akakaa upande wa pili.

Walifanya hivyo hadi jioni. Kila safu ilipofunguka, Abedi aliuita mkono wa mzee: "Papa Germain, jaribu hapa. Bado? Haya, bado."

Kwenye safu ya saba vidole vya Germain vilisimama. Vikarudi. Vikapita tena.

"Ni yeye," akasema. Akashuka kidato peke yake, akaomba chai.

Abedi alikunja kitambaa, akasali nje uani, akaenda zake. Hakutaja tena kununua.

Sasa Marceline ana mpango mwingine. Anataka ifikapo Noeli mumewe aende mwenyewe kuimba kwenye kwaya, kama zamani, alipokuwa na sauti nzito kuliko wote. Njia ya kanisani ina kona tatu, na kwenye kila kona anataka kuweka sanamu ya kumwongoza. Kona ya kwanza ni ukuta wa Adrienne, na kila siku wanajadiliana.

"Tembo, nakubali," Adrienne anasema, akitikisa kidole. "Lakini ile sanamu ya meno makali, hapana! Nitakimbia nyumba yangu!"

Germain anacheka. Mgeni aliyekuja kuandika habari hii anapoaga, Germain anamshikilia kiganja kwa mikono yake miwili.

"Abedi hajarudi tangu siku ile," anasema. "Labda anafikiri, kwa sababu hatuuzi, hana njia ya kuja. Ukipita sokoni, umwambie aje kututembelea tena. Asilete cherehani, asilete mafuta. Alete miguu yake tu."