Unga wa Mbwa

Mimi si mtu wa mbwa, niliseme hilo mapema. Mbwa mwenyewe ni wa mama. Ni kijibwa cheupe cha miguu mifupi, kisichoweza kumtisha hata kuku, alichoachiwa na jirani yetu wa hapa Uyole alipohamishwa kikazi. Mama alikuwa ametoka Iringa muda si mrefu, baada ya baba kufariki, na nyumbani kwangu hakuwa na wa kuongea naye. Mimi asubuhi naenda dukani Mwanjelwa, narudi jua limezama. Basi akawa anaongea na mbwa, Kihehe kitupu, na mbwa anasikiliza. Kusema kweli ilinipunguzia mzigo.

Mwaka jana mbwa akaanza kuacha chakula. Ananusa sahani, anaondoka. Akatapika maji ya njano, akawa analala uani mchana kutwa, na mama akimwita anainua kichwa tu. Mama naye akaacha kula vizuri. Mara uji umemshinda, mara tumbo limejaa. Nikaona hapa nikizembea nitauguza wawili, nikafunga duka, tukambeba mbwa hadi kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mpole. Alimfunua mbwa mdomo, fizi zilikuwa njano. Akatazama macho, njano vilevile. Akamminya tumbo, mbwa akalia kidogo. "Nahisi ni ini," akasema, akatoa damu ya kupima. Kisha akauliza mbwa anakula nini.

"Ugali na dagaa," nikasema. "Kama sisi."

"Hapana," mama akasema. "Ana unga wake."

Hapo itabidi nieleze. Kwetu mahindi yakishapukuchuliwa, mama huketi na ungo akachambua. Mazuri ni ya watu. Yaliyovunda, yenye ukungu wa kijani, huwekwa kwenye ndoo ya pembeni, ni ya mbwa. Hakuna anayeona ajabu. Hata mashineni, ukifika na ndoo ya pili, msagaji anakuuliza kama ni ya watu au ya mbwa, maana ya mbwa husagwa mwisho. Mwaka huo mahindi aliyotuletea kaka kutoka Iringa yalinyeshewa yakiwa bado shambani, na ndoo ya mbwa ilijaa kuliko kawaida. Mama alifurahi kwamba mbwa wake hatakosa. Alimpikia kwenye sufuria yake, akimwongezea kila akimaliza.

Daktari alieleza taratibu, bila kumlaumu mtu. Ukungu ule una sumu, kupika hakuiondoi, na inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Kwa mbwa mdogo hata kidogo kinatosha. Unga ule utupwe, hata kuku wasipewe. Akamchoma sindano, akatupatia dawa, akasema ini likipumzishwa huweza kujijenga, ila mbwa ni lazima ale. Asipokula, tusitegemee sana.

Tulipofika nyumbani mama alimwaga unga ule wote chooni, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nikapika mimi, ugali laini wa unga wetu na mchuzi wa kuku. Mbwa akanigeuzia mgongo. Nikampa kwa mkono, nikambembeleza, mimi huyu, nimepiga magoti mbele ya mbwa. Wapi. Kesho yake hivyohivyo. Majibu ya damu yakatoka: ini limeumia kweli. Mbavu zikaanza kuonekana, na mama hataki hata kumsogelea.

"Mama, anakusubiri wewe," nikamwambia nikiwa nje ya mlango wake.

"Mkono wangu ndio uliomlisha sumu, mwanangu. Mwache ale kwako."

"Kwangu hali."

Hasira zikanipanda. "Basi atakufa kwa njaa, na hiyo njaa utakuwa umempa wewe." Nilisema kwa ukali ambao mtu hamsemeshi nao mama yake, na sikuomba radhi. Nilikuwa naogopa. Baba nilishamzika, na sikutaka kumwona mama akikaa tena uani peke yake, anatazama ukuta.

Mchana alitoka. Akachukua sahani mikononi mwangu, akakaa chini sakafuni, akamega tonge. Nilidhani atampa mbwa. Akalitia mdomoni mwake mwenyewe. Akatafuna polepole, akimtazama mbwa, akameza. Kwetu anayekukaribisha pombe hupiga funda la kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo akupe, ujue haina kitu kibaya. Nimeliona hilo tangu utotoni, misibani na harusini. Sikuwahi kuona mtu akimfanyia mbwa.

Akamega tonge la pili, dogo, akanyoosha mkono. Mbwa akanusa vidole vyake kwa muda mrefu, kisha akala.

Sasa macho ya mbwa yamerudi kuwa meupe, na daktari amesema tusimpeleke tena mpaka tuone tatizo. Nimemwambia mama hivyo. Amenisikia, ameitikia. Halafu ameketi sakafuni na sahani ya mbwa, na tonge la kwanza amelila yeye.