Mama, Toka Kidogo

Ninapiga picha za nyumba. Si harusi, si ubatizo. Nyumba tu: ngazi, dari, jiko, chumba kilichopakwa rangi jana. Hapa Butembo wafanyabiashara wanajenga kila siku, na mtu akimaliza nyumba yake ya ghorofa anataka ionekane kwa wapangaji, au kwa ndugu zake walio mbali. Mafundi pia wananiita, ili wapate kitu cha kumwonyesha mteja mwingine.

Kazi hii niliichagua kwa sababu ya aibu. Kwenye harusi nilikuwa nashindwa kuwaambia watu wacheke, na macho yao yote juu yangu. Nyumba haikuangalii. Haiulizi kwa nini umenyamaza. Shule niliishia ya msingi, na hata maneno haya ninayaandika polepole, nikifuta na kurudia. Lakini ukuta ukiinama kidogo, ninaujua kabla sijaweka jicho kwenye kamera.

Shida ni adabu ya kwetu. Mgeni haachwi peke yake saloni, chumba cha kupokelea wageni. Mama wa nyumba akikukaribisha atakaa nawe, hata kama hamna la kusema, kwa sababu kukuacha na viti vitupu ni kama kukufukuza. Na mimi ninataka viti vitupu. Aliyenifundisha kazi alikuwa mkali juu ya jambo hilo: toa ndala, toa termosi, toa waya za simu, toa kalenda, toa watu. Mtu akiwa ndani ya picha, alisema, jicho linamfuata yeye na chumba kinapotea. Kwa hiyo nadhani neno nililolisema mara nyingi kuliko yote ni hili: "Mama, toka kidogo."

Nililisema hata kwa mama yangu.

Ilikuwa Beni, katika nyumba yetu ya mtaa wa Beu, niliyozaliwa ndani yake. Shamba letu la kakao lilikuwa upande ambao watu walikuwa wameacha kwenda kwa sababu ya vita, na baba alikuwa ameamua tuuze nyumba tuhamie Butembo, mtaa wa Bulengera. Dalali alitaka picha. Nikashuka kutoka Butembo kwa pikipiki, nikafika na koti langu la baridi mkononi, maana Beni ni joto, si kama kwetu juu.

Mama alikuwa amefua vitambaa vyote vya viti, vile vyeupe alivyofuma mwenyewe kwa sindano, akavipanga. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa. Sikuuliza kwa nini. Niliposimamisha kamera kwenye kona ya mlango, akaketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, mikono juu ya magoti.

"Mama, toka kidogo."

"Nitoke niende wapi? Hapa ni kwangu."

"Ninapiga chumba tu."

"Na mimi? Siko mu chumba?"

Baba alicheka kutoka uani. "Toka, mama ya batoto. Mutu anakuja kununua nyumba, hapana kununua weye."

"Angeninunua na mimi njo angepata faida," mama akamjibu. Kisha akaniambia, "Bon, natoka. Mais ukimaliza, unanipiga na mimi. Nimevaa hivi bure?"

"Ndiyo, mama."

Akatoka. Nikaanza kazi. Dirisha likiwa na jua kali, chumba kinakuwa giza, kwa hiyo nilipiga kila upande mara tatu kwa mwanga tofauti, na katikati nilingoja wingu. Nikachelewa. Mvua ikaanza kunguruma upande wa barabara ya kurudi, na mwenye pikipiki akapiga honi. Mama alinifungia sombe, mboga ya majani ya muhogo, na samaki kwenye bakuli.

"Na picha yangu?" akauliza.

"Siku ya kuhama, mama. Nitakupiga vizuri."

Siku ya kuhama nilikuwa Lubero, ninapiga picha za bweni jipya. Bulengera walipata nyumba ya matofali ambayo haikuwa imepigwa lipu ndani. Nilikuwa ninapita kila Jumapili, kamera begani, na mama hakuwa mtu wa kuomba mara tatu. Alikuwa ananiangalia tu, kisha anaangalia begi. Mimi nilikuwa ninaangalia ukuta nyuma yake. Nilitaka wapige lipu kwanza, wapake rangi, ndipo nimweke mbele yake.

Presha ilimchukua kabla ya lipu.

Asubuhi ile kaka yangu mkubwa alinipigia simu kutoka hospitali. "Lete picha ya mama, ya kuweka juu ya sanduku. Weye njo mutu ya picha."

Nikafungua kompyuta. Nilipitia nyumba zote: saloni za watu, vyumba vya watu, bafu za watu zenye vigae vya bluu. Mama hakuwemo popote. Mwishowe kaka akakuza picha ya kadi yake ya uchaguzi, uso wa majivu, kama mtu unayemwona nyuma ya moshi. Watu walipopita mbele ya sanduku, mwanamke mmoja, jirani yetu wa Beni, akamwuliza mwenzake kwa sauti ndogo, "Njo yeye kweli?" Kaka alisikia. Akaniangalia, kisha akainyoosha ile picha juu ya sanduku. Ningependa angenigombeza.

Baada ya matanga nilirudi kwenye picha za Beu. Ile niliyompa dalali nilikuwa nimeisafisha kwenye kompyuta. Ile ya kwanza, ambayo sikuigusa, ilikuwa bado ipo. Kiti cha karibu na dirisha, mto wake umebonyea katikati, na kitambaa cha mgongoni kimeteleza upande mmoja.

Nikamwonyesha mama mdogo, aliyekuwa amebaki kwetu. Alikuwa anachambua maharagwe. Akapangusa mikono kwanza.

"Dada yangu hakuwa mutu wa kuacha kitambaa hivi," akasema.

"Nilimutoa mbio," nikasema.

Akaangalia tena ule mto uliobonyea. "Alizani anarudi kukaa."

Kisha akaendelea na maharagwe yake.

Picha hiyo iko ukutani kwangu. Wageni wanauliza ni nyumba ya nani, na mimi ninasema ni ya zamani. Nimesikia mwenye nyumba mpya amebadilisha madirisha. Sijapita pale. Nikiwa na kazi Beni, ninamwambia mwenye pikipiki azungukie barabara nyingine.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye ghorofa jipya, Bulengera. Mama wa nyumba akanikaribisha, akaketi mbele ya kamera yangu, kama wote. Nilikuwa bado ninafunga miguu ya kamera aliponiona ninamwangalia, akaanza kuinuka mwenyewe.

"Nitoke?"

"Bado, mama. Kaa kwanza."

Akakaa, akarekebisha kilemba, akageuka kuangalia nyuma. "Mais huku ukuta iko na alama ya maji. Utaniharibia picha."

"Acha ukuta, mama," nikasema. "Niangalie mimi."